Mpini wa Kisu Chako

Kaka,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu umenizidi miaka minane na Mama hakunilea vibaya, si kwamba nina hamu ya kukuamkia. Mimi ni mzima. Kifua kilichokuwa kinanibana kwa harufu ya dawa zangu za kazi kimetulia tangu nilipotoboa dirisha la pili. Wewe nasikia hujambo kidogo: bandeji imepunguzwa, homa imekata, na umeanza kugombana na watu wa nyumbani, jambo ambalo Mama analiita dalili ya kupona. Msalimie sana Mama. Msalimie na wifi. Watoto waambie shangazi yao anawakumbuka, hata kama nyumba yao haimkumbuki.

Salamu zimeisha. Sasa tuongee.

Mama amenipigia simu mara tano wiki hii, na kila mara amenisihi nikuandikie, tena kwa upole. Nilimwambia kuandika nitaandika, upole siahidi. Sharti langu ni moja tu, uisome mwenyewe. Usimpe wifi akusomee huku umefumba macho ukijifanya dawa zimekulevya. Kilichokatwa ni kiganja, macho yako yako salama.

Umesema mbele ya kamati ya usalama wa kazini kwamba kisu kilichokuumiza kilivalishwa mpira kwenye mpini na "mwanamke mmoja wa mtaani asiyejua kazi". Nimeyasikia maneno hayo kutoka kwa watu watatu tofauti, na wote watatu hawakukosea hata neno moja. Mwanamke mmoja wa mtaani! Tumelala kitanda kimoja utotoni, wewe kichwani mimi miguuni. Nguo zako zikikubana nilipewa mimi, na shati lako la shule nililivaa mpaka kola ikaisha. Leo mbele ya watu watano na karani wao nimekuwa mwanamke mmoja wa mtaani.

Nitaanzia kwenye chumba cha kukatia nyama, maana ndiko ulikoanza kunichoka. Miaka sita nilisimama meza ya tatu kutoka mlango wa chumba cha baridi, nikitenganisha nyama na mfupa, na wewe, msimamizi wetu, ukipita nyuma yetu na ule ubao wako wa karatasi kifuani. Unakumbuka wakaguzi wa afya walipopiga marufuku mipini ya mbao, tukaletewa visu vya mpini mweupe wa plastiki. Visafi, hilo silikatai. Lakini baada ya saa moja ya mafuta na maji, mpini ule ulikuwa kama kipande cha sabuni mkononi. Tulikuwa tunakikaba kisu kana kwamba kinataka kutoroka, na jioni vidole havikunjuki. Yule mama wa meza ya nne alipoteleza akashonwa nyuzi nne, wewe ulimwambia ajifunze kushika kisu kama mtu aliyekula. Nilikuwa nimesimama pale. Nilikusikia.

Mimi nilikwenda kwa yule fundi anayevalisha mpira mipini ya koleo za mafundi umeme, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Siku zangu zote za mapumziko kwa miezi mitatu nilizimalizia kwake. Alinifundisha kwamba watu wanadhani kazi ni kuchovya, kumbe kuchovya ni dakika moja. Kazi ni yale yanayotangulia. Unaosha mpini kwa sabuni na maji ya moto, unaufuta kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke kikiwa cheupe, unaupiga msasa mpaka ule mng'aro wote ufe, unaufuta tena, unapaka dawa ya kushikia. Ndipo unauzamisha taratibu kwenye mpira wa majimaji ambao haujaganda na kuutoa taratibu zaidi, usije ukafanya mapovu. Halafu unauning'iniza siku nzima na huugusi. Alikuwa akiniambia kwamba mpira hauna shida na mtu, shida yake ni mafuta. Ukiuacha na mafuta chini yake utakuchekea mwezi mmoja, miwili, kisha utakuacha.

Kisu changu mwenyewe ndicho nilichoanza nacho. Kaka, siku ile ya kwanza sikuhitaji kukikaba. Kilikaa tu. Nilimaliza zamu na mkono ukakunjuka kama mkono wa mtu. Wenzangu wakaona, wakaniomba, nikavalisha visu kumi na kimoja kwa wiki mbili. Asubuhi moja kabla ya zamu ukakinyanyua kisu changu juu, watu wote wamekusanyika wanavaa aproni, ukasema, "Njooni mwone! Mdogo wangu anavalisha visu soksi!"

Walicheka mpaka wale wa kwenye mashine ya kusagia wakatoka kuja kuuliza kuna nini. Toka siku hiyo nikaitwa Bibi Soksi. Nami nilicheka, maana ningefanya nini?

Wiki iliyofuata ukabandika tangazo lenye sahihi yako: ni marufuku kubadili mpini wa kisu chochote kwa namna yoyote ile. Kisha ukanipa barua ya kuachishwa kazi kwenye ujia, pale kwenye masinki ya kuoshea glavu, nimeshika ndoo. Hata ofisini hukuniita niketi. Niseme la haki: mpira wangu wa wakati ule ulikuwa haujapimwa na mtu yeyote, na msimamizi ana haki ya kuzuia kitu kisichopimwa kisiguse nyama ya watu. Hilo nililikubali. Ndiyo maana nilihangaika nikapata mpira ule unaoruhusiwa kwenye vyakula, pamoja na karatasi yake yenye mhuri, nikakuletea nyumbani kwako. Uliisoma nusu, ukaiweka kwenye droo ya kabati la televisheni, ukamwambia wifi alete chakula. Imo humo mpaka leo, chini ya betri na rimoti zilizokufa.

Basi nikapanga chumba changu nyuma ya fundi baiskeli. Meza moja, kamba mbili za kuning'inizia, makopo, na kile kidirisha kimoja kilichotaka kuniua. Alianza kuja mshonaji na mikasi yake, maana vidole vilikuwa vinamchubuka. Akaja mpiga lipu na mwiko, mwashi na nyundo zake, bwana bustani na mkasi wa kukatia matawi. Nilipata jina, na halikuwa Bibi Soksi. Halafu wakaanza kuja watu wako.

Wa kwanza alikuwa Mifupa. Wewe unamjua kuliko mimi, ndiye mkongwe wenu, yule anayeweza kuvua nyama kwenye mguu wa ng'ombe huku anaongea na mtu wa meza nyingine. Vidole vyake siku hizi havifungi sawasawa. Alipitia uchochoro wa baiskeli, kisu kimeviringishwa kwenye gazeti, akaniomba nisimwambie mtu. Baada yake wakafuata wengine saba. Nikaagiza mpira mweupe, rangi ile ile ya plastiki yenu, ili ukipita na ubao wako usitambue kitu. Nusu ya chumba chako, Kaka, ilikuwa inashika soksi zangu mchana kweupe, na wewe ukawasifu kwenye mkutano kwamba mwezi ule hakuna aliyeteleza. Mifupa alinihadithia akicheka mpaka akakohoa.

Kisha siku ya Jumanne akaja wifi. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akaniuliza hali yangu mara mbili, akatoa kwenye mkoba kisu kilichofungwa kwenye taulo la jikoni. Akasema ni cha kukatia mboga nyumbani. Wifi yangu ni mtu mzuri lakini kudanganya hakumpendezi. Kile kilikuwa kisu chembamba cha kuvulia mifupa, kimeliwa na kinoo miaka mingi, na plastiki ya mpini imelika upande wa kidole gumba cha kushoto. Katika ile sehemu ya kazi wenye mkono wa kushoto mko wangapi? Nilimuuliza ni cha nani. Akatazama kalenda ukutani. Nikamwambia arudi Alhamisi, na Alhamisi akarudi, akakichukua, akanishukuru kwa sauti ya chini kama anayenunua kitu cha wizi.

Wiki saba baadaye Mifupa alikuja mbio na aproni bado iko mwilini. Akanieleza kwamba ulikuwa kwenye bega la ng'ombe, unamwonyesha mgeni mpya namna ya kupita kwenye kiungo, ncha ikagonga mfupa ikakwama, mkono ukaendelea mbele. Ile glavu ya chuma mnavaa mkono wa pili, ulioshika nyama. Mkono wa kisu ulikuwa mtupu. Kano mbili za vidole zilikatika.

Nilikuja hospitali siku ile ile. Wifi alisimama mlangoni akasema umelala. Nilikusikia unakohoa, Kaka, na kikohozi chako nakijua toka utotoni. Niligeuka nikaondoka na matunda yangu, nikampa mlinzi wa getini.

Baadaye ndipo ukapeleka kwa kamati yale maneno yako ya mwanamke wa mtaani. Mshonaji alirudisha mikasi akataka nimkwangulie mpira wote, nami nikamkwangulia, mbele yake. Mwashi alipita kwa mbali. Watu wako saba waliuchuna mpira kwenye visu vyao kwa kisu kingine na kurudi kwenye sabuni. Wiki mbili nilikaa kwenye chumba kile nikitazama kamba tupu.

Mifupa peke yake ndiye hakuniacha. Yeye ndiye mwakilishi wa wafanyakazi kwenye kamati, akaomba kisu kiletwe kwa mtu anayejua mpira, aseme ni nini kilichoharibika. Akakileta kwangu kikiwa kwenye mfuko wa plastiki, damu imeshakaukia kwenye shingo ya mpini. Nilikishika. Mpira ulikuwa umeachia kuanzia upande wa makali, unazunguka mkononi. Nikauvuta, ukatoka wote mzima. Nikaugeuza ndani nje, nikautazama dirishani. Mifupa alikuwa amekaa, mikono kwenye magoti, ananisubiri.

"Unaona nini, binti yangu?" akaniuliza.

Nikamwambia, "Huyu alikichemsha. Mpira haupikwi. Alikitumbukiza kwenye maji yanayochemka kuua vijidudu, ukalegea."

"Una uhakika?"

"Kazi hii naijua mimi au anaijua nani?"

Akaandika kama nilivyosema, maana ananiamini, na kamati ikamwamini yeye. Wakaamua kwamba umevunja tangazo lenye sahihi yako mwenyewe, tena kisu umekiharibu kwa mkono wako, kwa hiyo kuumia ni juu yako. Mwisho wa mwezi unaondolewa kazini, na yale mazoezi ya mkono hospitalini, yanayolipiwa na kazi, yanakoma siku hiyo hiyo. Mifupa alipokuja kunieleza alikuwa na huzuni. Mimi nilimpikia chai nikamsikiliza, na ndani yangu, Kaka, nilikuwa nashangilia. Sikufichi. Nilisema moyoni, na yeye aonje barua ya kwenye ujia. Nililala vizuri siku tatu.

Ya nne akapiga Mama. Hakupiga kunigombeza. Alinieleza tu yanayoendelea, kama anavyoeleza mvua na bei ya vitu. Akasema umerudi kutoka kwenye kamati, wifi analia, anasema twende tukakate rufaa, kisu hakijawahi kuingia kwenye maji ya moto, yeye ndiye anayekiosha kila siku ukirudi nacho, kwa maji ya bomba. Na wewe ukamkatiza. Ukasema, "Kama mdogo wangu amesema nilikichemsha, basi labda nilikichemsha nikasahau. Mpira anaujua yeye."

Nilimwambia Mama arudie. Akarudia. Nikakata simu bila kuaga, na yeye akadhani laini imekatika.

Miaka yote niliitaka sentensi ile itoke kinywani mwako, na imetoka kwa ajili ya uongo wangu.

Hukukichemsha.

Wifi alipoondoka ile Jumanne, nilikiweka kisu mezani nikakitazama. Mpini ulikuwa umeng'aa kwa mafuta ya miaka. Damu ilinichemka. Nilijiuliza, huyu aliyenifanya kichekesho asubuhi mbele ya watu, aliyenifukuza nikiwa na ndoo mkononi, amejua sasa kwamba soksi zangu zinafaa, lakini uso wa kuja kwangu hana. Anamtuma mkewe na taulo la jikoni. Nikasema huyu hata sabuni yangu hastahili. Sikukiosha. Sikugusa spiriti, wala msasa, wala dawa ya kushikia. Nilikifuta kwa tambara kavu mara moja, nikakizamisha kwenye mpira mweupe, nikakining'iniza. Kwa macho kilipendeza kuliko vyote nilivyowahi kutengeneza.

Nilijua mpira utakaa mwezi, miezi miwili, kisha utaanza kuachia pembeni. Nilichokitaka ni hicho. Nilitaka mpira uharibike ili ulazimike kukirudisha kisu, na wifi aone aibu ya kuja mara ya pili, uje wewe mwenyewe, mchana, kwa mlango wa mbele, fundi baiskeli akuone, useme neno moja tu: nisaidie. Nilikuwa nimeshapanga hata nitakavyokukalisha kwenye kiti na kukuacha usubiri.

Sikufikiria bega la ng'ombe. Nilisimama meza ya tatu miaka sita, nikaona mkono wa yule mama ukishonwa, na sikufikiria. Au nilifikiria nikapita haraka, kama mtu anayepita kwenye nyumba anakodaiwa. Sijui. Nimejiuliza sana na jibu halikai mahali pamoja.

Mifupa aliponiletea kisu, nilipougeuza ule mpira ndani nje, upande wa ndani ulikuwa na utando wa mafuta, wa manjano, umechukua umbo la kidole gumba chako. Niliuona vizuri. Nikamwambia umechemshwa.

Leo asubuhi, kabla sijakaa kuandika, nimekwenda kazini kwenu. Mlinzi hakutaka kunipitisha, akaniita lile jina, nikamwambia nenda kamwite mwenyekiti wa kamati mwambie Bibi Soksi ana jambo. Wakaniingiza kwenye kile chumba chenye meza ndefu. Nikawaeleza kama nilivyokueleza wewe, ila bila matusi. Nikawaonyesha mpira wenyewe, uliobaki mezani kwangu siku ile, upande wa ndani, na kando yake kipande cha mpini nilioutengeneza sawasawa, nikampa karani koleo ajaribu kuuchuna. Alihangaika nao mpaka akatoka jasho. Nikawaambia kosa si la aliyeshika kisu. Nikawaambia pia kwamba mtu akifuata kazi inavyotakiwa, mipini yao ingekuwa salama kuliko sasa, na waache kuninyima kazi wakidhani mpira ndio ulioshindwa. Mwenyekiti aliniuliza kama naelewa ninachojitakia. Nikasema ndiyo. Karani akaandika kurasa tatu, nikaweka sahihi kila ukurasa. Huenda wakanipeleka polisi. Wamesema watashauriana.

Mifupa alikuwa humo ndani muda wote, kwenye kiti chake cha mwakilishi. Nilipomaliza aliinuka, akaikunja ile karatasi yake aliyoandika mezani kwangu, akaipasua, akatoka. Nilimkuta kwenye ujia ananawa mikono. Nilimsalimia. Alikausha mikono kidole kimoja kimoja, akanipita.

Sasa usije ukadhani barua hii ni ya kuomba tusahau. Uliyonifanyia uliyafanya. Ulinicheka, ulinifukuza, ulijifanya umelala hospitalini, uliniita mtu wa mtaani, na sijakusamehe hata moja kati ya hayo. Nawe huna haja ya kunisamehe langu, ambalo ni kubwa kuliko yako yote ukiyajumlisha. Nimelipima. Ninalokuomba ni moja. Kamati inakaa tena Jumatatu saa nne kufuta uamuzi wake, na wanataka uwepo. Nenda. Usikae nyumbani kwa kiburi. Beba kadi ya hospitali na picha za mkono, na mwambie wifi aeleze mwenyewe anavyokiosha. Mimi nimeitwa pia, nitakaa benchi la nje. Ukipita usijilazimishe kuniamkia.

Daktari akisema mkono haurudi kama zamani, nataka niambiwe na wewe. Usimtume mtu.

Nakuombea upone, na hilo nalisema bila kinyongo, ingawa ndilo pekee. Mwambie Mama simu haikukatika, niliikata mimi. Akuchunge na mazoezi yako hata kama yanauma.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukata.